Mshale wa Tumbainot: Fizikia na Masimulizi ya Gharika katika Nchi ya Chai

Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo mwalimu wa fasihi simulizi hawezi kuyakwepa ni lile ambalo wanafunzi huuliza mara tu anapofikia utanzu wa visasili: je, mambo haya yalitokea kweli? Swali hili huwa zito zaidi kisasili kinapohusu gharika, kwa kuwa tukio hilo limo katika Biblia na katika Kurani, na wanafunzi wengi huwa wamelisikia kanisani, msikitini au madrasani kabla ya kulisikia darasani. Anayefundisha Kericho au Bomet ana mzigo wa ziada. Wanafunzi wake wanaishi mahali ambapo mvua ndiyo msingi wa riziki. Mvua hustawisha majani chai yanayowalipia karo, na mvua hiyohiyo igeukapo ya mawe huyatoboa na kuyapukutisha kwa muda mfupi. Kwao, habari ya mbingu kufunguka si jambo la mbali.

Majibu mawili hutolewa kwa haraka. La kwanza ni kwamba sayansi imekwisha kuthibitisha gharika, kwa hivyo mjadala umefungwa. La pili ni kwamba sayansi imeikanusha, kwa hivyo masimulizi hayo ni porojo za watu wa kale wasiojua chanzo cha mvua. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba majibu yote mawili yanaitaka fizikia ifanye kazi isiyo yake. Tutaeleza kwa ufupi majaribio mashuhuri ya kuifafanua gharika kwa fizikia, tuyapime kwa hesabu ambazo mwanafunzi wa fasihi anaweza kuzifuata, kisha tuulize ni wapi hasa fizikia inamfaa msomaji wa masimulizi haya. Tutatumia neno “kisasili” kwa maana yake ya kitaaluma, yaani masimulizi yanayoeleza asili na mpangilio wa ulimwengu, wala hatukusudii kumuudhi muumini yeyote.

Gharika katika matini na katika lugha

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 6 hadi ya 9, kinatoa vipimo. Safina ina urefu wa dhiraa 300, upana wa dhiraa 50 na kimo cha dhiraa 30. Tukikadiria dhiraa moja kuwa sentimita 45, tunapata chombo chenye urefu wa mita 135 hivi. Maji yanatoka juu na chini kwa pamoja, yaani mbinguni na katika chemchemi za vilindi, na yanapita milima kwa dhiraa 15. Katika Kurani, habari za Nuhu zimeenea katika sura kadhaa, zikiwemo sura ya 11 na sura ya 71 ambayo ina jina lake. Hapo maji yanabubujika kutoka katika tanuri, na safina inatua juu ya Judi. Wapo wafasiri wa Kurani wanaoshikilia kwamba adhabu hiyo iliwafika watu wa Nuhu peke yao, wala haikuenea dunia nzima.

Mwaka 1872, George Smith alitangaza jijini London kwamba amesoma katika vigae vya udongo vya Mesopotamia masimulizi ya gharika yanayofanana na ya Nuhu. Vigae hivyo ni sehemu ya utenzi wa Gilgamesh, ambamo mhusika Utnapishtim anaunda chombo chenye pande sawa za dhiraa 120 kila upande. Katika masimulizi mengine ya eneo hilo, yale ya Atrahasis, miungu inaleta gharika kwa sababu imechoshwa na kelele za wanadamu. Mwaka 2014 Irving Finkel alichapisha maelezo ya kigae kingine ambamo chombo ni cha mviringo kama kikapu kikubwa. Tunaona basi kwamba vipimo na maumbo yalibadilika kutoka matini moja hadi nyingine, ilhali kiini cha masimulizi kilibaki.

Lugha yetu nayo imehifadhi athari za safari hiyo. Maneno gharika, tufani na safina yote yana asili ya Kiarabu. Tufani ndilo jina ambalo Kurani inaiita gharika ya Nuhu, lakini katika Kiswahili limehamia kwenye dhoruba ya upepo na mvua, hasa baharini, na gharika ndilo lililobaki na maana ya maji yanayofunika nchi. Safina, ambayo katika Kiarabu ni merikebu yoyote, kwetu imekuwa karibu jina maalumu la chombo cha Nuhu.

Karibu zaidi na nchi ya chai, upande wa Narok inakopakana na Bomet, tunakutana na masimulizi ya Wamaasai kuhusu Tumbainot. Yalichapishwa na Merker mwaka 1904 katika kitabu chake cha Kijerumani kuhusu Wamaasai, kisha Frazer akayaeneza mwaka 1918. Kwa muhtasari, watu walizidi duniani, wakawa waovu, hata damu ikamwagika. Mungu akaazimia kuwaangamiza, isipokuwa Tumbainot, mtu mwema. Akaunda safina ya mbao, akaingia na wake zake wawili, wanawe sita na wake zao, pamoja na wanyama. Mvua ikanyesha hata wengine wote wakafa maji. Chakula kilipokaribia kwisha safinani, mvua ikakoma. Tumbainot akamtoa njiwa, akarudi amechoka, ishara kwamba hakupata pa kutua. Baadaye akamtoa tumbusi, lakini kwanza alimfunga mshale mkiani. Alifikiri kwamba ndege huyo akitua kula mzoga, mshale utanasa na kubaki huko. Jioni tumbusi akarudi bila mshale. Tumbainot akajua kwamba nchi imeanza kuonekana. Waliposhuka, aliona pinde nne za mvua, moja kila upande wa mbingu, akaelewa kwamba ghadhabu ya Mungu imepita.

Wataalamu wametilia shaka asili ya masimulizi haya. Merker mwenyewe aliamini kwamba Wamaasai wana asili ya Kisemiti, na Frazer aliona kwamba mafunzo ya Kikristo au ya Kiislamu huenda yamechangia. Hata hivyo, mshale uliofungwa mkiani mwa tumbusi haumo katika Mwanzo wala katika Kurani. Ni mchango wa msimulizi mfugaji anayejua tabia ya tumbusi penye mzoga, na tutaurejelea.

Wataalamu wa karne ya 17

Juhudi za kuifafanua gharika kwa kanuni za maumbile zilishamiri Uingereza mwishoni mwa karne ya 17. Mwaka 1681 Thomas Burnet alichapisha kwa Kilatini kitabu juu ya historia takatifu ya dunia. Alianza na swali la busara: maji yalitoka wapi? Alipokadiria kiasi kilichohitajika, aliona kwamba mvua ya siku 40 haitoshi kabisa, na kwamba zingehitajika bahari kadhaa mfano wa iliyopo. Kwa kuwa hakutaka kusema kwamba Mungu aliumba maji mapya kisha akayafuta, alipendekeza kwamba dunia ya mwanzo ilikuwa laini kama yai na maji yalikuwa chini ya gamba lake. Jua lilipolikausha gamba likapasuka, maji yakatoka, na milima tunayoiona ni mabaki ya vipande vyake.

Mwaka 1694 Edmond Halley aliieleza Jumuiya ya Kifalme ya London kwamba gharika huenda ilisababishwa na nyota yenye mkia iliyoigonga dunia. Miaka miwili baadaye William Whiston, ambaye mwaka 1702 alirithi kiti cha Isaac Newton katika Chuo Kikuu cha Cambridge, aliendeleza wazo hilo. Alidai kwamba dunia ilipita katika mkia wa nyota ya namna hiyo, mvuke wake ukageuka mvua, na mvutano wake ukapasua gamba la dunia na kuyatoa maji ya chini.

Tusiwacheke wataalamu hawa. Walikuwa na ujasiri wa kuamini kwamba maumbile na maandiko vina mwandishi mmoja, kwa hiyo haviwezi kugombana. Lakini tazama kilichotokea kwenye matini. Mwanzo haitaji nyota yenye mkia wala yai. Kila mmoja, katika kuyaokoa maandiko, aliyaongezea masimulizi mengine marefu kuliko yale ya awali.

Hesabu ya maji: mfano wa Kericho

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mji wa Kericho uko yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Tusizungumzie Mlima Kenya wala Everest, tuulize tu ni maji kiasi gani yangehitajika kuifikia michai ya Kericho ikiwa bahari ingepanda kote duniani.

Uso wa dunia una kilomita za mraba milioni 510. Kupandisha maji kwa kilomita 2 kungehitaji kilomita za ujazo milioni 1,020. Tukiondoa nafasi ambayo tayari imejazwa na nchi kavu iliyoinuka, zinabaki takriban milioni 900. Bahari zote zilizopo zina maji yapata kilomita za ujazo milioni 1,335. Kwa hiyo, kulowesha mizizi ya chai ya Kericho tu kungedai nyongeza ya maji yanayokaribia theluthi mbili ya bahari zote. Kuufunika mlima Everest, wenye mita 8,849, kungedai nyongeza ya zaidi ya bahari tatu.

Je, maji hayo yapo? Barafu yote ya dunia ikiyeyuka, bahari itapanda kwa mita 70 hivi. Maji yaliyo katika miamba ya chini ya ardhi, yakitandazwa juu ya uso wote wa dunia, yangefikia kina cha makumi ya mita. Unyevu wote ulio hewani, ukinyesha wote kwa mara moja na kwa usawa, ungetoa takriban milimita 25. Hicho ni kiasi ambacho mvua moja kubwa ya alasiri huweza kukimwaga Kericho.

Tutazame pia kasi. Kericho hupata yapata milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi nchini Kenya. Kupandisha maji kwa mita 2,000 katika siku 40, ambazo ni saa 960, ni sawa na mita 2 na zaidi kidogo kwa saa. Kwa maneno mengine, kila saa ingeshuka mvua ya mwaka mzima wa Kericho, usiku na mchana, kila mahali duniani, kwa siku 40 mfululizo.

Chanzo halisi cha mvua ya nchi ya chai kinajulikana. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, pepo zenye unyevu huvuma kutoka Ziwa Victoria kuelekea nyanda za juu, zikakutana na pepo za mashariki, hewa ikapanda, ikapoa, mvuke ukawa matone, na matone yaliyosukumwa juu zaidi yakawa mawe. Mvua ni mzunguko. Kinachonyesha mahali pamoja kimetoka mahali pengine, na ndiyo maana haiwezekani kunyesha gharika kila mahali kwa wakati mmoja kwa unyevu uleule.

Utando wa mvuke na maji ya vilindi

Ugumu huo ulizaa nadharia ya utando wa mvuke. John Whitcomb na Henry Morris waliieneza mwaka 1961, na Joseph Dillow akaifanyia hesabu katika kitabu cha 1981. Walidai kwamba kabla ya gharika dunia ilizungukwa na utando wa mvuke juu ya hewa, na kwamba utando huo ulipoanguka ndipo mvua ya siku 40 iliponyesha. Dillow alipendekeza mvuke unaolingana na maji yenye kina cha mita 12.

Nadharia hii ina vikwazo viwili. Kwanza, uzito. Maji ya kina cha mita 10 hukandamiza takriban sawa na hewa yote iliyo juu yetu. Utando wa mita 12 ungelifanya shinikizo la hewa lizidi mara mbili, na ili mvuke wa uzito huo ubaki mvuke bila kuwa maji, kitako chake kingepaswa kuwa na joto la zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi. Pili, joto. Kila mwenye kupika anajua kwamba mvuke wa sufuria huunguza kuliko maji ya moto yenyewe. Sababu ni kwamba mvuke unapogeuka maji hutoa joto uliloficha wakati wa kuchemka. Kilo moja ya mvuke hutoa takriban jouli milioni 2.5. Mita 12 za maji ni kilo 12,000 juu ya kila mita moja ya mraba, yaani jouli bilioni 30. Joto hilo likitolewa katika siku 40, ni takriban mara 25 ya nguvu ambayo dunia hupokea kwa wastani kutoka kwa jua. Nuhu angeokoka maji, akaangamizwa na joto. Tena, mita 12 hizo zisingefunika hata mnazi mrefu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa kambi hiyohiyo walipiga hesabu zao na kukiri kwamba utando wenye maji mengi ungeifanya dunia isikalike.

Mwaka 2014 lilijitokeza tumaini jingine. Wanasayansi walitangaza kwamba ndani ya almasi ya Brazil wamepata chembe ya madini yaitwayo ringwooditi, yenye maji yapata asilimia 1 na nusu ya uzito wake. Madini haya hutokea ndani ya ukanda ulio kina cha kilomita 410 hadi 660. Habari zilienea kwamba kuna bahari chini ya ardhi, na wahubiri wengine wakaona humo zile chemchemi za vilindi. Lakini maji hayo hayako huko kama maji. Ni viungo vya haidrojeni na oksijeni vilivyofungwa ndani ya fuwele za mwamba, wala hakuna dimbwi la kububujika. Mfano wake ni saruji iliyokwisha kukauka: maji yamo ndani yake, ila huwezi kuyakamua ukayanywa.

Muumini anaweza kusema kwamba Mungu aliyaumba maji hayo na kuyaondoa kwa uwezo wake. Hilo ni jibu linalojitosheleza, na fizikia haina la kulijibu. Lakini ukishasema hivyo huhitaji tena utando, wala nyota yenye mkia, wala ringwooditi. Anayeitegemeza imani yake kwenye nadharia ya aina hii anaiweka mahali ambapo hesabu ya mwanafunzi wa sekondari inaweza kuitikisa.

Gharika ya mahali pamoja

Njia nyingine ni kuipunguza gharika. Mwaka 1929 Leonard Woolley, akichimbua mji wa kale wa Ur nchini Iraki, alikuta tabaka nene la udongo wa mto usio na mabaki ya watu, akaamini ni gharika ya Nuhu. Matabaka ya mafuriko yalipatikana pia katika miji mingine ya Mesopotamia, ila ni ya nyakati tofauti. Yanaonyesha kwamba mito ya Frati na Tigri ilifurika mara kwa mara. Mwaka 1997 William Ryan na Walter Pitman walipendekeza kwamba yapata miaka 7,600 iliyopita maji ya Mediterania yalivunja kizuizi cha Bosporus na kuijaza Bahari Nyeusi kwa ghafla. Tafiti za baadaye, ikiwemo moja ya mwaka 2009, zilidai kwamba maji yalipanda kwa mita chache tu.

Nadharia hizi haziendi kinyume na kanuni za maumbile, na huo ndio ubora wake. Lakini zina gharama kwa upande wa masimulizi. Kwa makadirio ya Ryan na Pitman, Bahari Nyeusi ilipanda kwa sentimita 15 hivi kwa siku. Mtu mwenye mbuzi wake angeweza kuyatangulia maji hayo kwa miguu. Hakuwa na haja ya safina, wala hakuwa na sababu ya kuokoa jozi za wanyama wa dunia nzima. Kadiri gharika inavyokubalika kwa fizikia, ndivyo inavyopungukiwa na yale yaliyoifanya isimuliwe.

Kwetu kuna mfano ulio wazi. Mito inayoteremka kutoka nyanda za chai, kama vile Kipsonoi na Itare, huungana na kuwa Sondu-Miriu, unaoingia katika Ghuba ya Winam. Ng'ambo kidogo, karibu na Kendu Bay, kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima. Wajaluo husimulia kwamba palikuwa na kijiji. Bikizee mgeni alifika akaomba hifadhi, wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja. Usiku maji yakakizamisha kijiji, na mwanamke yule akaokoka. Mwanajiolojia atakwambia kwamba Simbi ni kreta ya volkeno iliyojaa maji, na atakuwa amesema kweli. Ameeleza shimo. Masimulizi hayakuwa yakiuliza shimo limetoka wapi peke yake. Yalikuwa yakiuliza mgeni apokewe vipi, na shimo ni ushahidi ambao msimulizi anauonyesha kwa kidole.

Ilet, upinde na mshale

Je, basi, fizikia haina nafasi katika usomaji wa visasili? La hasha. Inayo, ila nafasi yake ni tofauti na ile ya wakili wa utetezi au ya mwendesha mashtaka. Tutatoa mifano mitatu.

Kwanza, fizikia hutuonyesha uchunguzi uliomo ndani ya kisasili. Hollis (1909) aliandika kwamba Wanandi, ambao ni ndugu wa Wakipsigis kwa lugha na utamaduni, walitambua radi mbili, yaani ilet njema na ilet mbaya. Mlio mkali wa karibu ni ilet mbaya inayotaka kushuka kuua watu. Ngurumo ya mbali ni ilet njema inayowalinda na kuifukuza mwenzake. Fizikia inasema sauti husafiri takriban kilomita moja kwa sekunde tatu, na kwamba kadiri radi inavyokuwa mbali ndivyo sauti zake kali zinavyofyonzwa na hewa zikabaki zile nzito. Mlio mkali ni dalili kwamba hatari iko karibu, na ngurumo nzito ni dalili kwamba iko mbali. Wazee walikwisha kuligundua hilo kwa sikio, wakalihifadhi kwa njia ambayo mtoto hawezi kuisahau.

Pili, fizikia hutuonyesha mahali ambapo kisasili kimeacha uchunguzi kwa makusudi. Upinde wa mvua hutokea mwanga wa jua unapopinda na kuakisiwa ndani ya matone, na huonekana upande ulio kinyume na jua, kwa pembe ya nyuzi 42 hivi. Jua likiwa moja, upinde hauwezi kusimama pande zote nne za mbingu kwa wakati mmoja. Wamaasai, wachungaji wanaokesha na kushinda nje, walijua vyema mahali upinde unapotokea. Kwa hiyo pinde nne za Tumbainot si kosa la macho. Ni tamko kwamba msamaha umeenea mashariki na magharibi, kaskazini na kusini. Msomaji asiyejua fizikia ya upinde anaweza kuipita taswira hiyo bila kushtuka, ilhali anayeijua husimama hapo akauliza maana.

Tatu, kuna mshale. Tumbainot hakufungua mlango kwa kuwa mvua imekoma. Alikuwa na dhana, kwamba maji yamepungua. Akabuni jaribio ambalo matokeo yake yangekuwa tofauti kulingana na ukweli wa dhana hiyo. Mshale ukirudi, bado. Mshale usiporudi, nchi ipo. Kisha akangoja hadi jioni. Tukitafuta fizikia katika masimulizi ya gharika, hii hapa, na haikuletwa na mtaalamu kutoka nje. Imo mkononi mwa mhusika mwenyewe, tena ndani ya matini inayosema kwamba Mungu ndiye aliyeleta mvua. Msimulizi hakuona mgongano kati ya kumcha Mungu na kupima maji.

Lugha yetu inatupa kitu cha kuongezea hapa. Kiswahili kinaita rangi zile za angani upinde, silaha ileile irushayo mshale. Mwanafunzi anayeyasimulia masimulizi haya kwa Kiswahili atajikuta na mshale uliopotea kwenye mzoga na pinde nne zilizotundikwa mbinguni bila mshale. Uhusiano huo hauna budi kuchunguzwa katika ufundishaji wa tafsiri ya fasihi simulizi.

Gharika na mafuriko ya leo

Suala hili lina uzito nje ya darasa. Mwaka 1961 mvua zilizidi Afrika Mashariki, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Mwaka 2020 lilirudia kiwango kama hicho. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka Solai, Kaunti ya Nakuru, likaua zaidi ya watu 40. Tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamezuiliwa kwenye tuta la reli karibu na Mai Mahiu yalifunguka usiku, yakaua makumi ya watu. Kila yanapotokea maafa ya namna hii, husikika sauti zinazosema kwamba ni gharika, adhabu kwa dhambi. Wakati mwingine waliokufa ndio wanaodhaniwa kuwa wenye dhambi hizo.

Fizikia ikiachwa iseme yaliyo yake, inasema kwamba maji hufuata mteremko, kwamba ukuta una kiasi cha maji unachoweza kukihimili, na kwamba ardhi yenye msitu hunywa mvua polepole kuliko ardhi tupu. Jopo lililoundwa na serikali ya Kenya kuhusu Mau lilieleza mwaka 2009 kwamba takriban robo ya msitu huo ilikuwa imepotea katika miongo miwili hivi. Maji ya Mau hupita Bomet yakaenda Mara, na hupita Kericho yakaenda Sondu na Nyando, hadi uwanda wa Kano ambako mafuriko ni jambo la kila mara. Hapa pana jambo la kustaajabisha. Masimulizi ya gharika yanasisitiza kwamba maji yana uhusiano na matendo ya watu. Wengi hudhani kwamba fizikia inaukata uhusiano huo. Kumbe katika mafuriko haya inaurudisha, tena kwa usahihi zaidi, kwa kuwa inauliza nani alikata, nani alijenga na nani aliona ufa akanyamaza. Mara nyingi jibu huwaelekea watu walio juu ya mteremko, ilhali waliokufa maji ni wa chini.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba majaribio ya kuithibitisha gharika ya dunia nzima kwa fizikia, tangu Burnet hadi nadharia ya utando, hushindwa kwa hesabu ya maji na ya joto, na kwamba yale yanayofaulu kwa kuipunguza gharika huyaacha masimulizi yenyewe nyuma. Tumeonyesha pia kwamba fizikia ina faida kwa msomaji wa visasili pale inapomsaidia kutambua kipi ni uchunguzi na kipi ni ishara.

Tunawapendekezea walimu wa fasihi simulizi, hasa katika shule za Kericho na Bomet, mambo mawili. Mwanafunzi anapouliza kama gharika ilitokea, asinyamazishwe kwa “ndiyo” wala kwa “hapana”. Apewe kalamu apige hesabu ya mvua ya kwao, kisha apewe matini aeleze kwa nini msimulizi alihitaji maji mengi kiasi hicho. Pili, watumwe kwa wazee wao wakusanye masimulizi ya Kikipsigis kuhusu ilet, vidimbwi, maporomoko na mvua ya mawe, yaandikwe kwa lugha ya asili na kufasiriwa kwa Kiswahili. Tuliyonayo kuhusu jamii hizi yalikusanywa kwa sehemu kubwa na wageni, zaidi ya karne moja iliyopita, na wao walikuwa na maswali yao. Wanafunzi wetu wana maswali mengine, na wazee wa kuyajibu wanapungua kila mwaka.